Goti la Mkwezi wa Michikichi

Miaka ile wakimbizi walipokuwa wakivuka ziwa kutoka Burundi, nilipata kazi kwa sababu ya ulimi wangu tu. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na sikuwa na ujuzi mwingine wowote wa kumwonyesha mtu, lakini nilikuwa Muha wa Mwandiga, na Kiha na Kirundi ni kama watoto wa mama mmoja waliolelewa nyumba mbili. Upande wa Bangwe, karibu na maji, palifunguliwa zahanati ya muda: maturubai juu, mabenchi chini, meza moja ya kupimia wagonjwa. Daktari aliyeletwa pale alikuwa mtu wa Kilimanjaro, na Kirundi kwake kilikuwa kama mvua juu ya bati. Alihitaji mtu wa kukaa kati yake na wagonjwa. Nikawa mimi.

Mwanzoni niliiona kazi nyepesi. Homa ni homa, kuhara ni kuhara, na mtoto aliyekataa kunyonya hana haja ya mkalimani. Nilikuwa nikitafsiri huku nikiangalia mitumbwi ya wavuvi wa Katonga ikirudi na dagaa, na sikumbuki kukwama hata siku moja mpaka alipoingia yule mkwezi.

Alikuwa mwanamume kijana bado, mrefu, mwenye mikono mikubwa iliyokauka kama magome. Alikuja akiegemea bega la mama yake, ingawa mama mwenyewe alikuwa kimo cha kifua chake na alikuwa mzee. Nilimwambia yule mama, "Shikamoo." Akanitazama, kisha akamtazama mwanawe kama anayeuliza nimesema nini. Kwao hawaamkiani hivyo. Nikamwamkia kwa Kirundi, naye akatabasamu, akaketi pembeni ya benchi na kukunja mikono.

Goti la kushoto la mwanawe lilikuwa limevimba likawa kama boga dogo. Pia ya goti haikuonekana kabisa, ilikuwa imezama.

"Ilikuwaje?" daktari aliuliza, nami nikauliza.

Alieleza taratibu. Walitoka karibu na Rumonge. Kazi yake ilikuwa kukwea michikichi na kukata mikungu, kama baba yake kabla yake. Mtumbwi waliopanda ulikuwa umejaa mno, na ulipofika upande wetu alfajiri haukuweza kusogea hadi ufukweni kwa sababu ya mawe. Watu wakaanza kuruka majini. Yeye alimbeba mama yake mgongoni, akaruka. Mguu wa kushoto ukaingia katikati ya mawe mawili ukabanwa. Akahisi anaanguka, akageuza mwili ili asimwangukie mama. Mwili ukageuka, mguu ukabaki pale pale.

"Nikasikia pu," alisema. "Si kwa masikio. Nilisikia ndani. Jua halijawa kali, goti likawa hivi."

Daktari alimlaza mezani. Alikunja goti kidogo tu, akashika paja kwa mkono mmoja na muundi kwa mkono wa pili, akavuta muundi kuja mbele kwa upole. Mgonjwa aliuma meno. Daktari akafanya hivyo hivyo kwenye mguu mzima, akarudi tena kwenye mbovu. Nilikuwa nimesimama karibu, na nikaona tofauti kwa macho yangu: mguu mzima ulikataa kama mlango uliofungwa, mbovu ukasogea.

"Ligamenti ya msalaba, ile ya mbele," daktari alisema. "Imekatika. Mwambie."

Nikaanza kutafuta neno. Kwa Kiswahili chenyewe sikuwa na hakika. Nyumbani kwetu kano lilikuwa kile kitu kwenye nyama kinachoshinda meno, ukakipa mbwa. Kwa Kiha, na kwa Kirundi, nililoweza kuchota ni umutsi, na umutsi ni kila kitu: mshipa wa damu ni umutsi, uzi wa mguu wa kuku ni umutsi, hata maumivu ya shingo watu huyaita hivyo. Nikamwambia kuwa umutsi wa ndani ya goti umekatika.

Alitazama turubai juu yake. Kisha akaniuliza, "Mshipa umekatika? Sasa damu yake ilikwenda wapi? Sikuona hata tone."

Nilimgeukia daktari nikiwa nimejiandaa kumsikia akicheka. Hakucheka. Alitazama goti, akamtazama yule mtu, akasema, "Swali zuri. Mwambie atulie kidogo, nitamwonyesha."

Alinawa mikono, akasafisha ngozi pembeni ya pia ya goti, akachukua bomba kubwa la sindano. Mama mzee alifumba macho. Mimi sikufumba. Sindano iliingia, daktari akavuta, na bomba likaanza kujaa damu nyeusi-nyekundu, nzito kama juisi ya rozela. Alilimwaga, akavuta tena. Goti likapungua mbele yetu, pia ya goti ikaanza kuonekana kama jiwe maji yanapokupwa.

"Damu yake hii hapa," daktari alisema. "Haikupata pa kutokea, ikabaki humo humo."

Mgonjwa alipoambiwa, aliangalia lile bomba kwa muda mrefu, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyejibiwa. Hata mama yake akafumbua jicho moja.

Wagonjwa walipokwisha siku ile, nilimfuata daktari. "Kwa hiyo nilitafsiri sawa, au nilikosea?"

"Nusu kwa nusu," alisema. "Hiyo siyo mishipa ya damu. Ni ukanda. Unafunga mfupa na mfupa. Lakini juu yake kunapita vimishipa vidogo vya damu, navyo vimekatika pamoja nao, ndiyo maana likavimba haraka vile. Kano linaloshika msuli kwenye mfupa ni jingine. Kiswahili chetu kinayaita yote kano, basi usijilaumu."

"Na kwa nini msalaba?"

"Ziko mbili ndani, zinapishana. Tia mkono wa kushoto mfuko wa kushoto."

Nilikuwa nimevaa sketi isiyo na mfuko. Akajionyesha yeye mwenyewe, mkono ndani ya suruali. "Unaona vidole vinavyoelekea? Chini, mbele, na kidogo kwa ndani. Ndivyo ile ya mbele inavyolala kwenye goti la kushoto. Inaanzia nyuma huku juu kwenye mfupa wa paja, inashuka kuja kushika mbele kwenye mfupa wa muundi. Ya pili inapita nyuma yake, inaelekea kinyume. Ya mbele inauzuia muundi usikimbie mbele, ya nyuma inauzuia usirudi nyuma. Zote mbili zinauzuia usijisokote hovyo."

Niliitikia kwa kichwa, lakini sikuona kitu. Niliona vidole vyake tu mfukoni. Akagundua.

"Kwenu hakuna bucha?"

Kulikuwa nayo. Baba yangu mdogo alikuwa na bucha Mwandiga, kando ya barabara, mahali mabasi madogo ya mjini yanapogeuzia. Nilikulia kwenye mifupa. Nilishakunywa supu ya viungo vya ng'ombe tangu sina meno, na haikupata kunipitia akilini kujiuliza kile kiungo kinashikiliwa na nini kabla hakijaingia sufuriani.

Jioni ile nilimwomba baba mdogo goti la ng'ombe, zima, lisiguswe na shoka.

"La supu?"

"La kuangalia."

Alinitazama juu ya miwani. "Ndiyo kazi mnayofanya kule kwa wakimbizi?" Lakini alinipa. Aliutwaa mguu wa mbele, akaukata juu na chini ya lile fundo ambalo ng'ombe hulipigia chini anapotaka kulala, akalifunga kwenye mfuko.

Kesho yake daktari alilifungua, akaanza kucheka. Nilidhani limeoza. "Huu ni mkono," alisema. "Ng'ombe anapiga magoti kwa vifundo vya mikono. Hebu gusa: vifupa vidogo vidogo, unavisikia? Kwako wewe, hapa ndipo unapofunga saa." Kisha akanionyesha kwamba goti la kweli la ng'ombe liko mguu wa nyuma, juu, limefichwa karibu na tumbo, mahali ambapo wengi wetu tungesema ni paja tayari. Nilirudi nyumbani nikiwatazama ng'ombe wote wa njiani kwa macho mapya. Kama fundo lile ni kifundo cha mkono, basi kwato ni vidole: kila mmoja alikuwa akitembea kwa vidole.

Siku iliyofuata baba mdogo alinipa kiungo sahihi, kikubwa, kizito, kimezungukwa na nyama nyekundu. Alikuwa tayari ameanza kunogewa. "Ukishakiangalia," alisema, "urudi uniambie umeona nini."

Ilikuwa siku ambayo mkwezi alitakiwa kurudi kuangaliwa. Nilimwomba daktari tusubiri, tukifungue mbele yake. Alikubali bila kubishana. Tulitandika gazeti juu ya meza ya mbao nyuma ya turubai, yule mgonjwa akakaa upande mmoja na fimbo yake, mama yake upande wa pili.

Daktari alipasua mfuko unaozunguka kiungo. Ukatoka ute wa kuteleza, kama ute wa yai. Miisho ya mifupa ilikuwa na gegedu nyeupe, laini, mtu angesema imepakwa mafuta. Juu ya muundi kulikuwa na vipande viwili vya gegedu vyenye umbo la mwezi mwandamo, vimekaa kama kata chini ya mtungi. Na katikati kabisa, ndani ya shimo la mfupa, zilikuwapo zile mbili, zimepishana, nyeupe zinazong'aa kama tumbo la samaki mgebuka aliyetoka majini sasa hivi.

Miaka mingi baadaye, nilipokuwa chuoni nikisomea tiba ya viungo, nililishika goti la binadamu aliyekuwa ametuachia mwili wake tujifunze. Nilishangaa jinsi ligamenti ile ilivyo ndogo. Ni unene wa kidole changu cha mwisho, na ni fupi kuliko kidole hicho. Mtu mzima anakimbia, anageuka, anabeba gunia, na katikati ya mguu kuna kitu kama hicho. Lakini siku ile ya kwanza, pale Bangwe, ilikuwa ya ng'ombe, nene kama kamba ya kufungia ndama, nami niliona ni kubwa na nikasema, "Kumbe!"

Daktari alimpa mkwezi mifupa yote miwili. "Avute muundi mbele." Akavuta. Haukusogea. Alivuta kwa ile mikono ya kuning'inia mitini, na bado haukusogea.

Kisha daktari alimpa kisu. Nilidhani ametania. "Akate ya mbele. Hiyo hapo. Ya nyuma aiache."

Yule mtu alinitazama kuhakikisha nimetafsiri sawa. Akaingiza ncha ya kisu, akakata polepole. Ilikuwa ngumu, ikatoa mlio mdogo kila uzi ulipoachia. Ilipokwisha akashika muundi, akavuta, nao ukateleza mbele kama droo ya kabati. Akaurudisha. Akavuta tena. Aliweka ile mifupa juu ya gazeti, akashika goti lake mwenyewe kwa mikono miwili iliyojaa ute.

"Ndivyo ninavyosikia," alisema. "Nikishuka mteremko, mguu wa chini unataka kutangulia bila mimi."

Mama yake alikuwa ameinama juu ya meza. "Si mwishone?" aliuliza. "Ngozi ikikatika inashonwa. Hata turubai linashonwa."

Daktari alijibu pole pole ili nisipotee. Ngozi ikikatika, alisema, damu inaganda kwenye kidonda na kukaa pale kama daraja, na nyama mpya inapita juu ya daraja hilo. Huku ndani hakuna daraja. Ncha mbili zinaelea kwenye ule ute, damu inaoshwa kabla ya kuganda mahali pake, na ncha zenyewe zimechanika kama kamba iliyokwisha, hazina pa kushika uzi. Upo upasuaji wa kuchukua kano jingine la mtu mwenyewe na kulipitisha pale, lakini upo mbali, na yeye hakutaka kumdanganya mtu kwamba ungefika Bangwe.

Mama aliposikia alikaa chini. "Basi mimi ndiye niliyemkata," alisema. "Ningetembea mwenyewe majini."

"Mama," mwanawe alisema, "wewe ni mwepesi kuliko mkungu wa chikichi."

Nilimtafsiria daktari. Akamwambia mama, "Mwanao anasema kweli. Uzito haukumfanya kitu. Mguu ulibanwa, mwili ukageuka. Angekuwa peke yake na mguu umenasa vile, ingekatika vile vile." Sijui kama yule mama aliamini, lakini alinyanyuka akaanza kuifuta mikono ya mwanawe kwa pindo la nguo yake, kama anavyofutwa mtoto aliyekula uji.

Ndipo mkwezi akauliza swali alilokuwa amelishikilia muda wote. "Nitakwea tena?"

"Sijui," daktari alisema. "Sijapata kukwea mti tangu utoto. Nionyeshe unavyokwea."

Mkwezi aliomba kamba. Akaipitisha kwenye nguzo ya turubai na kuizungusha kiunoni, akaegemea nyuma, akaweka unyayo wa mguu mzima kwenye nguzo, kisha kwa tahadhari ule mbovu. Hakupanda. Alionyesha tu: kunja, nyoosha, sogeza kamba, kunja. Daktari alichuchumaa pembeni akiangalia goti likienda na kurudi, akamwambia arudie, na arudie tena.

"Hageuki," akasema mwishowe, akinigeukia mimi kwa mshangao wa furaha. "Umeona? Goti linakwenda kama bawaba. Kukwea kwenyewe hakuna kujisokota. Na akifika chini anashukaje?"

"Naruka," alisema mkwezi. "Sote tunaruka pale mwishoni."

"Hapo ndipo penye kesi."

Alimfundisha mazoezi. Misuli ya mbele ya paja, alisema, inauvuta muundi mbele. Ya nyuma inauvuta kurudi nyuma. Kwa kuwa mlinzi wa ndani amekufa, ni lazima wa nje afanye kazi yake. Basi mkwezi alilala kifudifudi juu ya mkeka, mfuko wa mchanga wa ziwani umefungwa kifundoni, akawa anainua kisigino kuelekea makalio na kukishusha taratibu. Mama yake ndiye aliyemsimamia. Kila nilipopita karibu na mahema ya wakimbizi nilimsikia akimhimiza kwa sauti ya mtu anayeswaga mbuzi.

Baba mdogo nilimwambia yote, kama alivyoagiza. Alisikiliza, akachukua kiungo kingine kwenye ndoano, akaingiza kisu mwenyewe, na kwa muda wateja wa Mwandiga walisubiri nyama huku mwenye bucha akivuta muundi wa ng'ombe mbele na nyuma.

Haukupita muda malori yakaja, watu wakapelekwa kwenye kambi za bara, upande wa Kasulu. Mkwezi na mama yake waliondoka katika lori mojawapo. Nilimsaidia mama kupanda. Mwanawe alipanda mwenyewe, akitanguliza mguu mzima kama alivyofundishwa, mkeka kwapani.

Niliwaona tena masika yalipokwisha. Daktari alikwenda kambini kuangalia wagonjwa aliowahi kuwatibu, nami nikaenda naye. Tulimkuta mama mbele ya kibanda cha udongo akipepeta mchele. Alinishika mikono yote miwili, akasema mwanawe hayupo, ameitwa na wenyeji kijiji cha jirani. Kuna mtu ana michikichi mirefu na wanawe wamehamia mjini.

"Anakwea?" daktari aliuliza kabla sijamaliza kutafsiri. Neno lile la Kirundi alikuwa ameshalijifunza.

Tulikwenda kwa miguu. Tulimwona kabla hajatuona, juu kabisa, amejilaza kwenye kamba yake kama mtu aliye kitini, panga likipiga shina la mkungu. Mkungu ulianguka kwa kishindo, mwenye shamba akauendea na kikapu. Kisha mkwezi akaanza kushuka. Alishuka kwa utaratibu ambao sikuwa nimeuona kwa mkwezi yeyote wa kwetu, na alipobakiza kimo cha mtu, mahali wenzake wanaporuka, alisimama. Akatazama chini. Akateremsha mguu wa kulia hadi ukakanyaga ardhi barabara, ndipo akauleta wa kushoto.

Daktari alimkalisha pale pale kwenye majani, akavuta muundi. Ulisogea, kama siku ile. Lakini alipomwambia akaze misuli ya nyuma ya paja, ukasimama. Daktari aliniambia niguse. Misuli ilikuwa migumu kama mpini.

"Kuna kitu nataka kuuliza," mkwezi aliniambia. "Juu ya mti naona vema. Lakini mguu huu, nisipoutazama, sijui uko wapi. Wa kulia naujua hata nikifumba macho. Huu ni lazima niuangalie kwanza ndipo niukanyagie. Mbona kamba ikikatika, mguu unapotea?"

Nilitafsiri. Daktari akachuma jani, akalikunja.

"Kwa sababu siyo kamba tu," alisema. "Nilisahau kuwaambia. Ndani yake kuna neva. Goti likikunjwa, ukanda ule unakazwa, na neva zinaupelekea ubongo habari: sasa limekunjwa hivi, sasa limegeuka hivi. Kwa huyu, mpeleka habari mmoja ameondoka. Wako wengine, kwenye misuli na kwenye ngozi, lakini itabidi wajifunze kazi yake. Mwambie asimame kwa mguu huo mmoja kila siku, kwanza macho wazi, halafu afumbe, mama yake akae karibu amdake."

Mkwezi alicheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Alisema mama yake atafurahi sana kupata amri nyingine ya kumpa.

Safari ya kurudi ilikuwa ndefu na ya vumbi. Nilikuwa nikifikiria magoti yangu mwenyewe, ambayo kwa miaka yote yalikuwa yakinipelekea habari bila kuulizwa. Tulipofika Mwandiga nilishuka. Uani kwetu nilivua viatu, nikafumba macho, nikainua mguu mmoja. Nilihisi vitu vidogo vingi vikifanya kazi kifundoni na gotini, vikivuta na kulegeza, kila kimoja kikijua zamu yake, na mimi sikuvijua hata kwa majina. Nikayumba, nikakanyaga, nikajaribu mguu wa pili.

"Wewe," mama alisema kutoka jikoni, "unafanya nini hapo kama korongo?"

"Nasikiliza goti," nilimjibu.

Akatoka na mwiko mkononi, akanitazama kidogo, akainua mguu wake.